Kioo cha Kushoto

Nilinunua gari dogo la mtumba ili nimpeleke mama kliniki, kutoka Mgogoni hadi Chake Chake. Nilikuwa bado sijazoea kutazama pembeni, naye akikaa kushoto kwangu alikuwa akipenda kuinama mbele, akiniziba kioo cha pembeni. Siku moja nikikata kona, baiskeli ilitokea ubavuni nisiione. Nilifunga breki ghafla.

"Mama, kaa nyuma! Sioni!" nilimfokea.

"Nisamehe mwanangu," alisema. "Miye nakutazamia njia tu."

Aliegemea kiti hadi nyumbani. Nilijua nimemkosea, nikasema moyoni nitamwomba radhi kesho yake. Alfajiri hakuamka.

Niliporudi kutoka makaburini, dada yangu aliniuliza mama alisema nini njiani siku ile. Nilimjibu kwamba hakusema kitu.