Babu Aliyekamua Ng'ombe

Kitu ambacho Duop Keah alikikosa kuliko vyote pale kambini kilikuwa moshi. Moshi ulikuwapo, wa mkaa na wa plastiki zinazochomwa na wavivu wa kutafuta kuni, lakini huo kwake haukuwa moshi. Moshi ni wa samadi kavu, ule unaowashwa jioni ng'ombe wakirudi, ukatanda chini chini kufukuza mbu, mpaka mtu na mnyama wakanukia harufu moja. Duop alizaliwa ndani ya moshi huo, kijijini kwao kusini ya Bentiu, na alitarajia kufia humo. Badala yake, mvi zimemjaa kichwa kizima, alikuwa akilala chini ya turubai jeupe la msaada, amebanana na majirani kiasi kwamba wa upande wa pili akipiga chafya unamwambia "afya" bila kuinuka.

Kilichomfanya ajione bado ni mtu ni bakuli. Kila alasiri wanaume wa rika lake, wale waliobakizwa na vita, walikusanyika nyuma ya bomba la maji wakala walwal, vidonge vya unga wa mtama uliopikwa, kutoka bakuli moja. Hawa walichanjwa chale za utu uzima siku moja. Walilala chali mmoja baada ya mwingine, kisu kikapita kipajini mara sita, kutoka sikio hadi sikio, na hakuna aliyetakiwa hata kukunja uso. Puot, aliyelazwa karibu na Duop, alitoa sauti kidogo, kisha akadai alikuwa anakohoa. Walimtania kwa kikohozi hicho maisha yao yote. Akichelewa kufika kwenye ngoma, mtu atauliza, "Au kile kifua kimemrudia?"

Siku ile mambo ya kitoto yaliachwa, la kwanza likiwa kukamua. Kwa Wanuer ng'ombe hukamuliwa na wanawake na watoto. Mwanamume atamtungia ng'ombe nyimbo, atampaka majivu, atakufa kwa ajili yake na kuhesabu ni kifo kizuri, lakini chuchu zake hazigusi. Akizigusa amejirudisha utotoni, amejivunjia heshima na kuutafutia ukoo mkosi, na wenzake hawali naye tena. Na mwanamume asiye na wa kula naye ni fisi, hana kikao wala wa kumzika.

Duop alikuwa na kawaida ya kuyakumbuka yaliyopita kwa mpango, kama mtu anayekula nyama polepole ili isiishe. Alianza na marehemu mkewe, Nyaruon, aliyekuwa akicheka mpaka kibuyu kinamponyoka. Kisha sherehe za mwaka ule bendera ya uhuru ilipopandishwa, watu wakacheza hadi vumbi likawa kama ukungu, Wanuer, Wadinka na Washiluk, kila mmoja akimwambia mwenzake "nchi yetu" kwa sauti ya mtu anayejaribu kiatu kipya. Halafu akaja kwenye harusi ya mwanawe Biel, na hapo ndipo alipokaa zaidi.

Biel alimpenda binti wa Kidinka aitwaye Awut. Mazungumzo ya mahari yalichukua siku kadhaa, na hakuna aliyetaka yaishe haraka. Duop alifungua kwa kuwakumbusha wakwe kwamba hapo mwanzo Mungu aliwapa Wanuer ndama, Wadinka wakaigiza sauti ya Mnuer gizani wakamchukua. "Kwa hiyo ndama wetu mtoeni kwanza kwenye hesabu," alisema. Baba yake Awut, mzee mrefu mwenye jino moja la mbele, akajibu bila kupepesa macho, "Huyo mmekuwa mkija kumchukua kila mwaka, na uzao wake. Leo mnataka na binti. Sisi ndio tunaodai." Watu wakacheka hadi wakashikana mabega. Ng'ombe wakatolewa, na Awut akaja.

Nchi ilikuwa ingali changa, mtoto wa kunyonya, wakubwa walipokosana huko Juba. Wao waligombea viti, lakini waliotumwa kufa walikuwa wengine, na ili watu wakubali kufa ilibidi waambiwe ni ugomvi wa makabila. Wakaambiwa, wakaamini. Kufumba na kufumbua, mtu akawa haulizwi jina lake, anatazamwa kipaji. Ile mistari sita ambayo Duop aliipata kwa kuumia na kujivunia ikawa ndiyo hukumu yake. Biel alitoka nyumbani asubuhi moja kwenda kutafuta bunduki, na tangu hapo hakuonekana. Askari walipofika kijijini na kuanza kuchoma, Duop alikimbilia kwenye mabwawa pamoja na Awut mwenye mimba pevu, na ng'ombe mmoja mwekundu wa kike aliyezaa karibuni. Ndama wake alibaki nyuma. Mtoto wa Awut alizaliwa njiani, katikati ya mafunjo, akaitwa Nyajal, yaani wa safarini.

Walijificha kwenye kisiwa kidogo cha tope. Awut alimkamua ng'ombe, wakanywa, wakala na mizizi ya mayungiyungi. Kisha homa ikamwangusha. Maziwa yake yakakauka, akawa hamjui mtoto wala mkwe. Nyajal alilia mpaka sauti ikaisha, ikabaki midomo inafunguka na kufungika. Pembeni ng'ombe naye alikuwa akilia kwa kiwele kilichojaa. Duop alisubiri mwanamke yeyote apite, au hata kijana asiyechanjwa. Hakupita mtu. Ng'ambo ya maji moshi wa nyumba za watu ulikuwa bado unapanda.

Alfajiri alichukua kibuyu, akachuchumaa. Alitazama huku na huku kama mwizi. Mkono haukuwa umesahau hata kidogo. Maziwa yaligonga ndani ya kibuyu kwa ule mlio ambao hakuwahi kuusikia kwa karibu tangu alipokuwa mtoto mwenye kipaji laini, mama yake amesimama nyuma akimwambia, taratibu, Duop, usimvute, muombe. Aibu ilimwaka mwili mzima, na ndani ya aibu kulikuwa na raha ambayo hakuitarajia na ambayo ilimtisha zaidi ya aibu yenyewe. Alimdondoshea mtoto maziwa kwa kidole, tone baada ya tone. Mtoto akameza. Aliendelea hivyo kila siku mpaka Awut akafumbua macho, akamkuta mkwewe amechuchumaa chini ya ng'ombe. Awut aligeuza uso upesi, kwa heshima.

Hawakulizungumza. Walipovuka kuelekea kambini, ng'ombe alinyang'anywa na watu wenye bunduki, na Duop akadhani ushahidi umekwenda.

Lakini mama hambembelezi mtoto kimya kimya. Awut alimtungia Nyajal wimbo, akauimba kwa Kinuer chake kile cha ukweni: *Wenzako walikunywa kwa mama, wewe ulikunywa kwa mkono wa babu, mkono wa mwenye mistari sita kichwani.* Aliimba kwa sauti ya chini. Ukuta wa turubai hauna siri. Lisemwalo lipo, na hili lilifika bombani, likatoka bombani likafika kwenye bakuli.

Siku hiyo wazee hawakuanza kula. Msemaji wao, Tang, alikuwa mtu mwenye maneno mengi aliyeyapanga vizuri. Alisema wamesikia upuuzi, na hawaamini. Alisema hata kama vita vimewavua nguo, mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Kisha akafika alipokuwa anakwenda.

"Duop, sisi hatuna neno na wewe. Neno tunalo na huyo mwanamke. Ndugu zake wamechoma vijiji vyetu, na sasa yumo humu anachoma majina yetu. Kikulacho ki nguoni mwako, bwana. Wewe sema tu kwamba amesema uongo. Atatolewa langoni aende kwa watu wake, mtoto atabaki kwetu, na sisi tutakula."

Kila mtu alijua langoni kuna nini. Nje walikuwa askari, na mwanamke wa Kidinka aliyemzalia Mnuer alikuwa hana watu wake upande wowote. Duop aliomba apewe mpaka kesho. Puot, ambaye tangu atoke mabwawani alikuwa haongei wala kutaniwa, alimwinamia akamnong'oneza, "Kataa, ndugu yangu. Nakuomba. Sema ni uongo."

Duop aliporudi kwenye turubai, Awut alikuwa ameshasikia. Alimngoja amgeuzie mgongo, kama mkwe anavyostahili, ndipo akasema.

"Baba, semeni nimedanganya. Ni mimi niliyeimba."

"Uliimba uongo?"

"Hapana, Baba."

"Basi mlaze mtoto."

Usiku ule Duop hakulala. Alikumbuka nyuso za wenzake zilivyokuwa kabla ya makunyanzi, ndani ya kibanda walimowekwa wapone baada ya kisu, damu imeganda machoni, wakilishwa kama vifaranga na kucheka kwa sababu kucheka kulichana vidonda. Aliwapenda wanaume wale. Aliwapenda kwa namna ambayo hakuwahi kumpenda mtu mwingine, hata Nyaruon, Mungu amsamehe. Hakuwa na ng'ombe, hakuwa na nyumba, huenda hakuwa na mwana. Alikuwa na bakuli lile.

Kesho yake alikaa mahali pake pa kila siku. Tang akauliza. Duop alisema maneno machache, bila kuwatazama.

"Nilikamua. Awut alikuwa anakufa, na mtoto anakufa. Nilikamua asubuhi na jioni, nikamlisha kwa kidole hiki. Hakusema uongo."

Hakuna aliyemtukana, na ingekuwa afadhali. Tang alivuta pumzi, akapangusa vumbi mapajani, akainuka. Wengine wakainuka mmoja mmoja, kwa kushikilia magoti, wazee wa watu. Mmoja alimgusa bega alipokuwa anapita, kisha akaufuta mkono kwenye shuka yake. Walwal iliachwa hapo bila kuguswa, kwa sababu haikuwa tena yao.

Puot hakuinuka. Duop alidhani magoti yamemgomea, akamwambia aende, asije akaonekana.

"Alikataa?" Puot aliuliza.

"Nani?"

"Ng'ombe. Ulipomshika."

"Hakukataa. Alisimama tu."

Puot akatikisa kichwa polepole. Kisha, huku macho yake yakiwa kwenye bakuli, akasimulia jambo ambalo hakuna aliyewahi kulisikia. Kwenye kisiwa chao alibaki yeye na mjukuu, mtoto wa kiume ambaye meno yalikuwa ndiyo yanaota. Mama yake alipigwa risasi wakivuka. Ng'ombe alikuwapo, na alikuwa na maziwa.

"Kiwele kilijaa mpaka yakawa yanadondoka yenyewe, Duop. Yanaingia kwenye tope. Mtoto ninaye mapajani, na mimi nimekaa nayatazama. Nilisema, mwanamke atapita. Hakupita, na mtoto akafia hapo hapo mapajani. Ungesema ni uongo, ningelala usingizi."

Duop alimshika mkono. Alitafuta la kumwambia mwenzake wa kisu kimoja, akatafuta sana. Lililokuja lilikuwa moja tu, kwamba Puot alishika sheria na hana lawama, na hilo ndilo ambalo asingeweza kulisema.