Pampu Iliyozunguka Kinyume

Mwanangu, kwa zaidi ya miaka ishirini nimekana jambo hili, hata mbele ya mume wangu: nilimwonea Nyambura wivu. Nilizoea kusema tulitofautiana kikazi. Uongo. Ulikuwa wivu, tena ule unaoondoa ladha ya chakula.

Mimi nilikuwa na digrii ya uhandisi, cheti nimekitia lamineshi kisije kikalowa mvua ya Thika. Yeye alikuwa na diploma. Tulikuwa na mkataba wa miezi sita katika kiwanda kimoja cha nguo, tukiishi chumba kimoja kule mtaa wa Landless, na nafasi ya kudumu ilikuwa moja tu. Nilishinda ofisini, yeye alishinda kwenye mashine, mafuta mpaka viwikoni. Mafundi walipokwama walimwita yeye. Mimi waliniita "Injinia", kisha wakanipisha nipite.

Siku ninayoikumbuka, mota ya pampu ilikuwa imerudi kutoka Ruiru, ilikopelekwa kufungwa waya upya. Ikawashwa, maji yakapanda kwa unyonge. Nilipiga hesabu siku mbili, urefu wa bomba, kona zake zote, nikaamua tununue pampu kubwa zaidi. Nyambura akaja, akatazama feni ya mota.

"Injinia, hii inazunguka nyuma."

"Nimepiga hesabu."

"Hesabu ni safi. Pampu nayo haijaisoma."

Akazima umeme, akabadilishanisha waya mbili, akawasha. Tangi likajaa. Mafundi walicheka, nami nikacheka, kwa meno tu. Jambo lile la waya nilifunzwa mwaka wa pili na nikapata alama zote.

Chuo kilikuwa kimenifunza pia kuandika ripoti isiyo na watu: hitilafu iligunduliwa, ikarekebishwa. Niliandika hivyo hivyo. Chini nikatia sahihi yangu peke yake.

Sasa wewe unaanza kazi Jumatatu. Ulichosoma usikidharau, bila chuo nisingeelewa hata alichofanya Nyambura. Lakini miaka hii ya kwanza kaa karibu na anayekushinda, muulize watu wakisikia, na jina lake uliandike. Wivu utakuja tu, mimi bado unanitembelea. Mungu akupe mikono isiyoogopa mafuta, na ulimi usiokawia kusema ukweli.

Wangu ulikawia siku nne. Jumamosi tulikuwa chumbani, Nyambura anamenya viazi, meneja akanipigia simu.

"Ripoti nimesoma, nafasi ni yako," akasema. "Ni wewe uliona pampu inazunguka nyuma, sivyo?"

Nilimtazama Nyambura. Alikuwa akitoa macho ya kiazi kwa ncha ya kisu, polepole, kama mtu asiye na haraka ya maisha.

"Hapana," nikasema. "Ni Nyambura."

"Yuko hapo?"

"Yuko."

"Basi mpe simu."

Nikampa, nikachukua kisu nikaendelea na viazi.