Kamba Haina Mabega

Florentin Mukuna alikuwa na kanuni moja sokoni: shati haliondoki mezani kwake mpaka likae kwanza kwenye mabega ya atakayelivaa. Si mabega ya kaka yake, si ya mtu wa umbo lake, wala si ya mke anayejiwekea shati kifuani na kusema bwana ni mpana kidogo kuliko hapa. Mwenyewe aje, avue, avae, ageuke. Asiyetaka aende kwa wengine. Mtaa wa Kasuku, mjini Kindu, haukukosa wauza nguo.

Kanuni hiyo hakuzaliwa nayo. Baba yake alikuwa mtu wa Kasai aliyeletwa Kindu na kazi ya reli, na Florentin mwenyewe alianzia kwenye ofisi ya mizigo ya stesheni. Treni zilipoanza kuchelewa, na mishahara ikafuata mfano wa treni, alinunua balo la mashati ya mitumba akajifunza kuuza. Katika siku zake za mwanzo alimuuzia mwalimu mmoja shati kwa kukadiria kwa macho. Mwalimu alilivaa siku ya kupokea mahari ya binti yake. Alipoinama kuwapa wakwe mkono, mgongo ukapasuka kutoka bega hadi bega. Wakwe walicheka kwa adabu, na hicho ndicho kicheko kibaya zaidi. Mwalimu hakurudi kudai chochote. Alipita mbele ya Florentin kila alipokwenda kazini, na hakumsalimia tena. Tangu hapo Florentin akawa mtu wa kupima, na soko likamwita Pima.

Alichouza hasa ni mashati ya kola ya vifungo, yale ambayo ndani ya shingo yameandikwa Oxford. Watu wa ofisi waliyapenda kwa sababu kola yake haisimami kama masikio ya mbuzi hata bila tai, na kwa sababu kitambaa chake kinavumilia sabuni ya mawese na jiwe la kufulia. Florentin aliyajua kama mkulima anavyojua mpunga wake. Kitambaa cha kweli ukikiinua juani unaona nyuzi zimesukwa kama mkeka. Cha uongo kinang'aa tu kama nailoni. Kifungo cha kombe la chaza kikiguswa kwa meno ni baridi, cha plastiki hakina habari. Mshono wa begani uishie kwenye mfupa wa bega, usipande wala usining'inie. Kola iache nafasi ya vidole viwili. Na mtu akinyoosha mkono, mkono wa shati usikimbilie kwenye kiwiko. Namba iliyoandikwa shingoni alisema isiaminiwe: shati la mitumba limefuliwa na watu usiowajua, katika maji usiyoyajua, na limekwisha kuwa namba nyingine.

Yote hayo ni kweli, na kanuni ilikuwa nzuri. Hilo lieleweke kabla ya yaliyofuata, maana ni rahisi mno kulaumu kanuni.

Mwaka 2002 mji ulikuwa mikononi mwa wenye silaha, na msitu, kuanzia mashamba ya pembeni, ulikuwa mikononi mwa wanamgambo wa Mai-Mai waliopigana nao. Treni hazikuja. Ndege zilileta chumvi na sabuni, hazikuleta balo za nguo. Mashati ya Florentin yalibaki machache, yamekunjwa ndani ya mfuko wa plastiki chini ya meza. Watu walivaa kile walichoachiwa na waporaji.

Siku moja askari alikuja kumnunulia shati mkubwa wake wa kambi. Alikuwa tayari kulipa, jambo lililokuwa adimu. Florentin akamjibu kwamba mkubwa aje mwenyewe, apimwe kama watu wengine. Askari alimpiga kofi, akaenda zake bila shati, na kwa sababu isiyojulikana hakurudi. Soko lilisimulia kisa hicho kwa muda mrefu. Ali, jirani yake aliyeuza kofia na kandambili, alimwambia, "Pima, wewe siku moja utamuambia malaika wa mauti avue kwanza." Florentin hakucheka, lakini neno hilo lilimwingia. Tangu siku ile alibeba shavu lake kama mtu aliyepewa nishani.

Baada ya hapo ndipo alipokuja Bibiche.

Mumewe, Joël Onema, alikuwa fundi wa fonia, ile redio ambayo wafanyabiashara waliitumia kuongea na Goma na Punia kabla ya simu kufika. Wenye silaha walisema Joël anawapasha habari Mai-Mai. Walikwenda nyumbani kwake, wakachukua fonia, wakachukua magodoro na hata mapazia, lakini yeye wakamkosa. Mji wote ulijua anatafutwa. Florentin pia alijua.

Bibiche alisubiri mpaka Ali alipokwenda kuswali adhuhuri. Kisha, kwa sauti ya chini, alimweleza Florentin kila kitu. Pasta Isidore alikuwa anavuka mto kwenda Alunguli, na kutoka hapo kwa miguu hadi Kailo kwenye mazishi. Vizuizini walikuwa wakimpitisha yeye na wazee wake wa kanisa. Joël angevuka kama mmoja wa wazee hao. Lakini mzee wa kanisa havuki na singileti iliyotoboka, na Joël hakuwa na nguo nyingine. Bibiche alikuwa amekwisha kuzunguka meza zote. Alikuta fulana, na mashati ya maua yanayofaa kwenye baa. Alihitaji shati la heshima, lenye kola.

Alimwamini Florentin kwa sababu ya lile kofi. Alidhani mtu aliyemkatalia askari ni mtu wa kuaminiwa, na hakukosea: Florentin hakumwambia mtu yeyote siri ile.

Bibiche alileta bidoni ya mafuta ya mawese kuwa malipo, na kamba nyembamba yenye mafundo matatu: la shingo, la mabega na la mkono.

"Papa Florentin, njo vipimo vyake hivi. Nimepima, nimerudilia kupima."

Florentin aliinyoosha kamba, akaitazama, akamrudishia.

"Kamba haina mabega, mama."

"Iko na mafundo."

"Mafundo hayavai shati. Aje mwenyewe."

"Papa, unajua kama hawezi kuja."

"Najua. Lakini sianzi kuvunja kanuni na wewe. Hata mukubwa wa kambi nilimukatalia."

"Mukubwa wa kambi akikosa shati, atavaa ingine," Bibiche akasema.

Florentin alimweleza sababu yake, na sababu ilikuwa na uzito. Shati lisilomkaa mtu humsema. Pale kizuizini wangemwona mtu aliyevaa cha kuazima, wangemuuliza alikoazima, na mambo yangeishia hapo. Bibiche alisikiliza mpaka mwisho, kisha akamuuliza kama amewahi kumwona mzee wa kanisa hata mmoja Kindu ambaye shati lake si kubwa. Swali hilo lilimfanya Florentin awe mgumu zaidi. Alijitolea kuyabeba mashati mwenyewe mpaka alipojificha Joël. Bibiche akakataa: aliyewapa maficho alikuwa amemwapisha kwamba hatamleta mtu mwingine pale.

Basi, Florentin akasema, yeye hana la kuongeza. Akayarudisha mashati mfukoni. Bibiche aliizungusha kamba kwenye vidole, akachukua bidoni yake, akaondoka.

Kesho yake asubuhi Joël alikuja mwenyewe. Mvua ilikuwa imetoka kunyesha, soko lilikuwa bado halijajaa, naye alijifunika kitenge kichwani na mabegani kama mgonjwa wa malaria. Aliingia chini ya turubai la Florentin, akasalimia, akavua kitenge. Alikuwa amekonda.

Shati la kwanza lilikuwa jeupe, zito, vifungo vyake vya kombe. Joël alilivaa akasema linatosha. Lilitosha kweli kwa safari ile. Florentin alisema hapana, bega linaning'inia, kitambaa ni bora kuliko yote lakini mwili wa shati ni wa mtu mwingine. La pili lilikuwa na mistari, na halikuwa Oxford ya kweli; lilimpita Florentin bila kugundua siku aliyofungua balo. Alijua halifai. Alimvisha hata hivyo, ili mteja aone tofauti kwa ngozi yake, maana ndivyo alivyozoea kuuza: hakumwambia mtu kwamba kitu ni kizuri mpaka amemwonyesha kibaya.

La tatu lilikuwa la samawati, limefuliwa mpaka likalainika, kola imechakaa kidogo kwenye mkunjo na mahali pengine pote ni zima. Lilimkaa Joël kana kwamba limeshonwa kwa ajili yake. Chini ya turubai kulikuwa na giza giza.

"Toka kidogo kwenye mwangaza," Florentin akasema, "nione mgongo."

Joël alimtazama. Halafu akatoka. Mtu anayevishwa nguo hutii, kama vile mgonjwa anavyomtii anayemwogesha.

Nje kwenye njia ya soko Florentin alilivuta shati mgongoni, akalainisha mshono wa bega kwa kidole gumba, akapitisha vidole viwili ndani ya kola, akafunga kimoja kimoja vile vifungo vidogo vya kola. Alikuwa anafurahi. Kwa miezi mingi hakuwa amemvisha mtu shati zuri, na shati lile, juu ya mtu yule, lilikuwa sawa kabisa.

Kutoka upande wa wauza chumvi mtu fulani alisema, "Onema." Hakupaza sauti. Joël aligeuka, kama anavyogeuka mtu yeyote akisikia jina lake. Askari wawili walikuwa wamekwisha kufika. Walimchukua bila vurugu, na shati mwilini. Kitenge kilibaki mezani. Ali aliona yote kutoka kwenye kofia zake.

Pasta Isidore alivuka mto na wazee wake wa kweli. Joël Onema hakuonekana tena, akiwa hai wala akiwa maiti.

Siku zilipopita, Bibiche alirudi sokoni na ile bidoni ya mafuta. Aliiweka chini mbele ya meza.

"Alienda na shati yako," akasema.

Florentin alimwambia aichukue bidoni yake. Bibiche hakuigusa.

"Ilimukaa?"

"Ilimukaa, mama."

Bibiche alitikisa kichwa kukubali, akachukua kile kitenge alichoacha Joël mezani, akaondoka. Mafuta yalibaki pale mpaka Ali alipoyaondoa.

Siku hizi Kindu ina pikipiki nyingi kuliko mashati. Kwenye duka la Bénie, upande wa pili wa njia, kuna mashati mapya ndani ya karatasi za plastiki, yanabana kiuno, na vijana huchagua kwa picha za simu. Florentin bado yuko mezani. Bado anainua kitambaa juani, na ukimuuliza atakwambia bila upendeleo kwamba Oxford ya mitumba iliyochakaa kola ina maisha marefu kuliko jipya linalong'aa, na kwamba fundi yeyote anaweza kuigeuza kola ile ikawa mpya. Lakini hapimi. Ukimletea kamba anaipokea kwa mikono miwili. Ukimtajia namba anakupa namba. Mashati mengi yanarudi, naye anayapokea bila kuuliza. Wateja wamepungua. Wageni wakiuliza kwa nini anaitwa Pima, Ali, ambaye sasa hana meno ya mbele, huwajibu kwamba ni jina la zamani.

Juzi mwanamke kijana alitaka shati la mumewe aliyepata kazi serikalini. Akasema bwana ana nafasi Jumamosi, atakuja mwenyewe ajaribu. Florentin akasema hakuna haja, amwambie tu kimo chake.

"Lakini papa, si vizuri ajaribu?"

"Ni vizuri," akasema Florentin. "Beba tu."

Yule mwanamke alimshangaa, akaenda kwa Bénie. Alifanya sawa. Kanuni iliyokuwa njema haikuacha kuwa njema kwa sababu siku moja ilipaswa kuwekwa kando, na kuitupa sasa hakumrudishii mtu chochote.

Bibiche bado anaishi mjini na hupita njia ile akienda kununua mihogo. Hafanyi kama yule mwalimu. Yeye humsalimia Florentin kila anapopita, kwa jina lake la ubatizo, naye husimama kuitikia.

Kwa Florentin kanuni ile ilileta sifa, na baadaye ikaiondoa. Ilichogharimu ni uhai wa mtu mmoja, Joël Onema, fundi wa fonia, na aliyelipa ni mke wake.