Shuka Jeupe na Helikopta ya Wanamaji

Majuzi mjukuu wangu alinionyesha kwenye simu wazee waliokuwa wanamaji, wanaipaka rangi helikopta yao ya zamani isishike kutu. Mimi shule niliiacha njiani, hata kuandika huku ni kwa taabu, lakini harufu ile ya mafuta ya taa na majani yaliyopondeka sijaisahau.

Nilipokuwa mtoto, helikopta kama ile ilitua kijijini kwetu Mkange mchana, kwenye shamba letu la ufuta, mto umefurika na njia hakuna. Kuku walitawanyika, makuti yakang'oka. Ilipozimwa, wanamaji wanne wakamtoa mama ndani ya nyumba kwa machela, kafunikwa shuka jeupe mpaka usoni, wakambeba mabegani. Leo najua alikuwa na uchungu wa kujifungua, na shuka lilikuwa la kumkinga na upepo wa helikopta ikiwashwa tena. Siku ile nilijua moja tu: hivyo ndivyo alivyotolewa babu.

"Bibi, mbona mama anakwenda kuzikwa juu?"

"Nyamaza wewe, usimchurie mama yako."

Babu alipokufa walimfunga vidole gumba vya miguu pamoja kwa kitambaa. Basi nikakimbia, nikaling'ang'ania shuka.

"Nataka kuona miguu."

Mwanamaji mmoja akacheka. "Haya binti, tazama." Akaifunua.

Vidole havikufungwa. Nikaanza kulia, maana labda wamesahau kuvifunga.

Ndipo sauti ya mama ikatoka ndani ya shuka, hafifu: "We Mwanaidi, mbuzi kaingia kwenye mihogo ya watu. Nenda kamtoe."

Nikaenda mbio. Maiti hamtumi mtu.