Piki Aliyonikatia Mzee Masanja

Nakumbuka Jumamosi ile tuliyomzika mke wa Mzee Masanja, kule Ilemela, nami nimesimama na gitaa langu, kichwa kimenivimba kwa sifa. Mwanangu, mzee huyo ndiye aliyenifundisha gitaa, mimi msichana pekee kati ya wapigaji wa kwaya yetu. Vidole vyake vilipoanza kukakamaa, aliniachia nafasi yake.

Ilikuwa miaka ya tisini, biashara zimefunguliwa, maduka ya mjini yamejaa vitu vya nje. Nikajinunulia piki, kile kipande cha plastiki cha kucharazia nyuzi. Nyekundu, nene, ngumu. Mzee alikuwa akijikatia zake kwenye dumu kuukuu la mafuta ya kula, na niliwahi kumcheka. Naye alicheka tu, yakaisha.

Pale msibani aliomba aimbe mwenyewe wimbo ambao mkewe alipenda kuuimba akipepeta mchele. Nikaanza kupiga. Gitaa likalia kwa nguvu kuliko sauti yake. Watu wakageuka kunitazama mimi, nami, Mungu anisamehe, nikafurahi. Mzee akasogea, akaweka kiganja chake juu ya nyuzi.

"Mjukuu wangu," alininong'oneza, "siisikii sauti yangu."

Akatoa mfukoni piki yake nyembamba, akanipa. Nikaanza upya, taratibu. Safari hii sauti yake, ingawa ilikatikakatika, ilifika hadi kwa akina mama waliokuwa wakipika, nao wakamwitikia. Nilipiga huku nalia.

Tangu hapo sikuiacha piki ile. Nikaitumia hadi ncha ikalika, ikaota meno, ikawa inanikatia nyuzi, na nyuzi zenyewe kuzipata ilikuwa shughuli. Siku moja nikaenda kumsalimu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mama. Hebu nione unapigia nini siku hizi."

Akaipitisha ncha kwenye mdomo wake wa chini.

"Hii imekufa. Mbona hujaitupa?"

"Ulinipa wewe, babu. Siku ile ya bibi."

"Bibi yako mwenyewe nimemzika, nami nilimpenda kuliko unavyopenda hii plastiki. Kalete mkasi."

Tukakata nyingine, mimi nimeshika dumu, yeye mkasi.

Basi, mwanangu, ukienda kuchagua piki, usitazame rangi wala kile kitakachowafanya watu wakuangalie. Ijaribu kwa wimbo utakaoupiga, kisha msikilize anayeimba. Ukiona unamfunika, chukua iliyo laini zaidi. Na kila mara pitisha ncha mdomoni. Ikikwaruza, itupe, hata kama aliyekupa unampenda sana. Upendo wako kwake hautapungua kwa hilo, wala yeye hataona umemsahau.

Mungu akupe vidole vyepesi na masikio ya kuwasikia wenzako, na popote utakapopiga, asikosekane wa kukuitikia.