Boksi la Stelingi la Benzi ya Mkuu

Siku yangu ya kwanza katika karakana ya serikali pale Kigoma, Msimamizi wa Mafundi alinipa brashi na mafuta ya taa, akaniambia nisafishe ekseli ya lori. Spana sikuigusa kwa muda mrefu. Ndivyo tulivyofundwa: uanze kukijua chuma kwa vidole, ndipo uruhusiwe kukifungua. Baadaye nilipelekwa Kasulu, chini ya Fundi Mkuu mmoja mkali ambaye hakutaka kuona nyundo karibu na stelingi. Niliporudishwa Kigoma nilikuwa mtu wa stelingi na breki. Nikapanga nyumba mtaa wa Kasingirima, nikaoa.

Mke wangu, Spesioza, alizaliwa Burundi. Wazazi wake walivuka naye akiwa mgongoni, akakulia Ujiji akiuza dagaa na mama yake. Kiha chake na Kirundi chake usingeweza kuvitenganisha. Hakuna aliyemuuliza karatasi mpaka ilipofika ile miaka ya vita kwao, watu wakawa wanashuka Kagunga, kule mpakani, makundi kwa makundi, na amri ikatoka kwamba kila mkimbizi akae kambini, hata aliyeolewa mjini na kuzaa mjini.

Wakati huo Mkuu wa Karakana alikuwa na Benzi ya zamani, saluni ya rangi ya maziwa, na boksi lake la stelingi lilikuwa linavuja. Boksi hilo ndilo linalopokea mzunguko wa usukani na kuupeleka kwenye magurudumu. Likiwa la pawa, pampu hulisukumia oili ili dereva asitumie nguvu. Nilibadilisha sili ya chini, ule mpira unaozuia oili, likavuja tena. Shafti yenyewe ilikuwa imelika, na shafti iliyolika hutafuna kila sili unayoiweka. Mkuu akaagiza boksi jingine Dar es Salaam, la mtumba, likaja kwa treni.

Asubuhi niliyoanza kazi hiyo, jirani yetu Bi. Zuhura alifika getini akihema. Spesioza alikuwa amechukuliwa sokoni pamoja na wengine, na walikuwa wamekalishwa chini wakisubiri malori ya kambini. Nikafuta mikono, nikaenda ofisini. Nilimwomba Mkuu ruhusa, tena nikamwomba ampigie simu rafiki yake mmoja aliyekuwa na sauti katika msako ule, amweleze kwamba huyu ni mke wa mtumishi.

“Mkeo hatakimbia, fundi,” alisema bila kuinua macho. “Kesho nina wageni. Maliza gari, nami nitapiga simu. Ukitoka getini, usinitafute tena kwa lolote.”

Mimi mwenyewe sikumjua mkubwa mwingine yeyote. Nikamtuma Bi. Zuhura akamwambie Spesioza nakuja, nikarudi chini ya gari.

Kazi ile haikubali haraka. Unanyoosha magurudumu, unatia alama kwa tindo kwenye mkono wa stelingi na shafti ili virudi vilivyokuwa. Unafungua mipira ya oili, unaung'oa mkono kwa pula, kile chombo cha kuvutia, kisha unafungua bolti zinazoshika boksi kwenye chesisi. Boksi jipya unalizungusha toka mwisho hadi mwisho ili uipate katikati yake, kabla ya kulifunga. Halafu unanyanyua magurudumu kwa jeki, unalijaza oili na kuzungusha usukani kushoto na kulia mpaka mapovu yaishe, kwa sababu hewa ikibaki ndani pampu hulia na usukani hushtuka. Sikuruka hatua hata moja. Gari lingerudi na kasoro, angepata sababu ya kuninyima ile simu. Nikalijaribu barabara ya kupanda Kalinzi, kwenye kona kali. Usukani ulikuwa mwepesi kabisa. Niliuchukia.

Mkuu alipokea funguo, akazunguka nalo yadi, akatabasamu, ndipo akanyanyua simu. Malori yalikuwa yameshaondoka.

Nilimfuata Spesioza kambini nikamwona, lakini kumtoa sikuweza. Nilienda na kurudi nikiomba kibali. Mtoto wetu wa pili alizaliwa huko, ndani ya hema la plastiki, na huko tukamzika. Spesioza aliporuhusiwa kurudi, binti yetu mkubwa, Neema, aliyekuwa amebaki kwa Bi. Zuhura, alikuwa ameshamzoea huyo kama mama. Nilimweleza mke wangu mara nyingi kwamba niliomba ruhusa siku ile. Kila mara alijibu, “Sawa, Baba Neema,” na kuendelea na kazi zake.

Siku ya kuagwa kwangu kazini walimwalika Mkuu, ambaye naye alikuwa amestaafu, awe mgeni rasmi. Spesioza alikaa kando yangu. Mzee akasimama kunisifu.

“Mke wake alichukuliwa, na hakuomba hata ruhusa,” alisema. “Alimaliza kazi kwanza. Vijana, igeni.”

Watu wakapiga makofi. Nikasimama.

“Niliomba, Mkuu. Ulinikatalia.”

Akakohoa, akasema mambo ya zamani yana mengi. Mshereheshaji akawasha muziki, sahani zikaanza kupita. Hatukula, tuliondoka. Tulipokaribia nyumbani Spesioza alipunguza mwendo.

“Kumbe kweli uliomba,” akasema.

Vijana huniuliza kama nilifurahi kusikia hivyo. Sikufurahi. Neno langu ndani ya nyumba yangu halikuwa limemtosha miaka yote ile. Aliliamini siku alipomwona yule mzee akikohoa badala ya kukana.