Tarehe Thelathini na Moja Septemba

Sijui kama nina haki ya kuandika habari za mashine. Shule niliishia darasa la nne, na katika daftari langu kuna wiki yenye Jumanne mbili. Lakini jambo hili nililiona kwa macho yangu, na sitalinyamazia.

Miaka ya Emajensi, ile hali ya hatari ya wakati wa ukoloni, nilikuwa askari wa geti kwenye kiwanda kimoja cha kukausha pareto, Nakuru. Kila aliyeingia nilimwandika katika buku: jina, tarehe, saa. Ndani kidogo ya geti kulikuwa na saa ya kugonga kadi. Ukiingia unatia kadi, unavuta mkono wa chuma, kengele inalia, na kadi inatoka na tarehe na saa kwa wino wa zambarau. Watu waliiamini kuliko mimi. Hata mimi niliiamini kuliko mimi.

Sasa, mashine ile haikujua miezi. Ilikuwa na gurudumu la namba, moja hadi thelathini na moja, linalosogea namba moja kila usiku. Mwezi ukiwa wa siku thelathini, ilikuwa kazi ya karani kulisukuma kwa kidole lifike moja. Karani alikuwa mtu mwangalifu, sitamsingizia. Asubuhi ya kwanza ya Oktoba alifika saa moja kasoro, akalisukuma kabla watu hawajaanza kugonga. Alimsahau mmoja tu, mchochezi wa tanuri, ambaye huingia saa kumi alfajiri kuwasha moto, ili maua ya pareto yaukute tayari.

Mwisho wa wiki karani akahamisha kadi kwenye rejista. Kadi ya mchochezi ilisema 31. Rejista ya Septemba ilikuwa na mistari thelathini. Muhuri ule ukakosa pa kukaa, na kwenye Oktoba mstari wa tarehe moja ukabaki mtupu. Siku hizo mstari mtupu haukuwa utoro tu. Mtu wa kabila lake, kabila lililoshukiwa uasi, asipojulikana alikuwa wapi siku nzima, meneja hamsainii pasi ya kukaa na kufanya kazi huku, na bila pasi anapakiwa lori kurudishwa rizavu, eneo walilotengewa watu wake, mke na watoto wabaki nyumbani Kabazi.

Nikaitwa ofisini na buku langu. Meneja alikuwa Mzungu mgeni, Kiswahili chake cha miezi michache. Akaweka kidole kwenye saa niliyoandika.

“Buku nasema kumi. Saa kumi karani iko hapa. Hapana ona yeye.”

Karani akamweleza kwa Kiingereza kwamba saa kumi yetu ya alfajiri ndiyo saa nne yao. Alisema kweli, ingawa kweli hiyo ilimrudia yeye mwenyewe, maana saa hiyo gurudumu alikuwa hajalisukuma. Meneja akajibu kwamba buku la saa za kupinduka haliwezi kushinda mashine.

Mchochezi alikuwa amesimama mlangoni, kofia mkononi. “Basi Bwana,” akasema taratibu, “nilikuja kazini siku ambayo Mungu hajaumba.”

Nikakunja ngumi mbele ya meneja, naye akarudi nyuma hatua moja. Nikahesabu miezi juu ya vifundo vya vidole kama tulivyofundishwa shule, kifundo, shimo, kifundo, shimo. Septemba ikaanguka kwenye shimo, penye miezi isiyofika thelathini na moja. Nikahesabu tena, maana sijiamini.

“Septemba haina thelathini na moja, Bwana. Mashine imeandika siku ambayo haikuwako. Buku limeandika iliyokuwako.”

Meneja aliangalia kalenda ya ukutani. Akamwambia karani aandike 1 kwa kalamu kando ya muhuri, na pasi akaisaini palepale. Kisha akanigeukia: buku lote nilifute, niliandike upya kwa saa za Kizungu. Nikasema za kwao nitaongeza pembeni, zangu sifuti. Huenda alikuwa na haki, buku ni la kusomwa na mwenye kiwanda. Nimelifikiria miaka mingi na bado sina hakika. Lakini sikufuta.

Wiki iliyofuata geti likapewa mtu mwingine, mimi nikapelekwa kubeba magunia. Mchochezi akapita na mkokoteni wa kuni, akasimama.

“Ungefuta tu, mzee. Mimi pasi nilishapata.”

“Najua,” nikamwambia, nikainama wapakizi wanitwike gunia.